Je, Wajua? RAM Haimalizi Kila Tatizo

Programu ya Windows inaweza kushindwa kuchora hata vitufe vyake ilhali RAM tele iko wazi. Kila kalamu, brashi na fonti ya kuchorea dirisha huhesabiwa kama kitu cha GDI (GDI object), na kwa kawaida programu moja haivuki vitu 10,000 vya aina hiyo. Msanidi akiunda brashi mpya kila dirisha linapochorwa upya, asiifute, kikomo hakichelewi kufika. Wapo watakaosema lugha kama C# hujifagilia yenyewe. Ni kweli, ila mfagiaji huyo hutazama baiti, hahesabu brashi, hivyo huweza kuchelewa; ndiyo maana kuna amri ya Dispose, ya kuifuta brashi mara tu kazi yake inapoisha. Kununua RAM zaidi hapo ni kutupa fedha. Ukiishuku programu, fungua Task Manager, ongeza safu wima ya GDI objects, utazame kama namba inapanda bila kushuka.