Uchawi Wenye Bei: Fani Sita za Dungeons & Dragons

Anayetaka kuingia kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons akiwa mchawi hana haja ya kuanza kwa kufungua pochi. Kitabu cha wachezaji cha toleo la tano, kilichotoka Marekani mwaka 2014, kilipangiwa bei ya dola 49.95, na aliye mbali huongeza gharama ya kukisafirisha. Lakini tangu Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast imeziachia kanuni za msingi za toleo hilo chini ya leseni ya Creative Commons. Ni faili la bure, unalisoma kwenye simu, na ndani yake mna fani zote 12 za wahusika, kila moja na mkondo wake mmoja. Tafuta dadu, penseli na wenzako watatu wanne, mchezo umeanza.

Bili inakuja baadaye, na hailipwi kwa dola. Fani sita zinazoishi kwa uchawi hulipa kwa dhahabu ya ndani ya mchezo, kwa usingizi wa mhusika, au kwa muda wa watu waliokaa mezani. Kitabu kimeandika bei, lakini anayeamua kama bei hiyo itauma au haitauma ni msimamizi wa mchezo. Nalinganisha hapa kwa kanuni za 2014.

Kwanza, jinsi malipo yanavyokwenda. Sihiri zina madaraja tisa. Kila unapotumia moja, unatoa nafasi ya daraja hilo au la juu yake, na nafasi zikiisha unasubiri mhusika alale. Sihiri ndogo hazitozwi kitu. Mtindo huu umetokana na toleo la kwanza la mwaka 1974 la Gary Gygax na Dave Arneson, ambalo liliazima wazo kutoka hadithi za Jack Vance: mchawi anaikariri sihiri, na akishaitamka inafutika kichwani.

Wizadi ndiye ghali kuliko wote, na haoni haya. Ni msomi, nguvu zake zimo kitabuni. Anaanza na sihiri 6 na kila akipanda ngazi huongeza 2 bila kulipa, hivyo akifika ngazi ya 20 ana 44 za bure. Zaidi ya hapo ananunua. Kunakili sihiri aliyoikuta kwenye kitabu cha mchawi mwingine ni vipande 50 vya dhahabu na saa 2 kwa kila daraja. Tufe la Moto, lililo daraja la 3, linamtoka vipande 150 na saa 6. Katika ulimwengu huo fundi stadi wa kukodi hulipwa vipande 2 kwa siku, na deraya ya minyororo huuzwa 75. Sihiri moja basi ni deraya mbili, au siku 75 za jasho la fundi. Nakala ya akiba ya kitabu ni vipande 10 na saa 1 kwa kila daraja, gharama ambayo wengi huiruka mpaka kitabu kitumbukie mtoni.

Na bado mwili wake ni dhaifu. Uhai wake unahesabiwa kwa dadu ya pande 6, wala hajafunzwa kuvaa deraya. Anaweza kujikinga kwa sihiri ya daraja la 1 inayodumu saa 8, ila katika ngazi ya kwanza anaianza siku na nafasi mbili tu. Nusu ya mtaji imekwenda kwenye nguo kabla hajamwona adui. Anachopata kwa gharama hizo ni upana: sihiri za ibada, kama ile ya kutambua vitu vya uchawi, anazifanya moja kwa moja kutoka kitabuni bila kutumia nafasi, akiongeza dakika 10 tu. Ile ya kutambua inadai lulu ya vipande 100, lakini lulu haiishi, unainunua mara moja.

Kleriki, yule anayepewa nguvu na mungu wake, hanunui sihiri hata moja. Orodha nzima ya fani yake ni mali yake tangu siku ya kwanza, na kila asubuhi anachagua za siku hiyo. Ukikosea leo, kesho unabadilisha. Kleriki wa mkondo wa uhai, ambao ndio uliomo kwenye faili la bure, anaanza na deraya ya minyororo na ngao bila kulipa. Kinga yake ni 18 wakati wizadi mwenye wepesi wa kawaida anahangaika kufikia 15 kwa sihiri. Watu humdharau wakidhani kazi yake ni kufunga vidonda vya wenzake. Waache wadharau.

Gharama yake ni almasi. Kuanzia ngazi ya 5 anaweza kumrudisha mwenzake aliyekufa ndani ya dakika moja iliyopita, kwa almasi za vipande 300 zinazoteketea. Akifika ngazi ya 9 anamrudisha hata aliyekufa siku 10 zilizopita, kwa almasi ya 500. Ufufuo mkubwa wa daraja la 9 unakula almasi za vipande 25,000. Ila hapa bili ni ya kundi zima, maana maiti ni wa kundi, na ni aibu kumwachia kleriki alipe peke yake.

Waloki ndiye anayewachanganya wanunuzi. Ameingia mkataba na kiumbe chenye nguvu kuliko yeye, na kuanzia ngazi ya 2 hadi ya 10 ana nafasi mbili tu. Ukisoma jedwali utadhani umeibiwa. Kumbe nafasi zake hurudi baada ya pumziko fupi la saa moja, na zote ni za daraja la juu analolimudu: wizadi amejiunga bando la siku, waloki bando la saa. Wachukue wawili hao wakiwa ngazi ya 5. Wizadi ana nafasi 9, lakini za daraja la 3 ni mbili, na ya tatu anaweza kuirejesha mara moja kwa siku akipumzika kidogo. Waloki aliyefungamana na shetani hujifunza Tufe la Moto pia. Siku yenye mapumziko mafupi mawili atalirusha mara 6, dadu 8 kila mara, wastani wa pointi 28 kwa kila asiyekwepa. Siku isiyo na pumziko atalirusha mara 2, kisha abaki na mwale wake mdogo usiotozwa. Mwale huo, akiuongezea nguvu kama wanavyofanya karibu waloki wote, ni silaha ya kuheshimika. Lakini meza ambayo msimamizi hukimbiza hadithi bila kusimama humfanya waloki maskini.

Sosera amezaliwa na uchawi wake, hivyo halipi dhahabu. Analipa kwa kufungwa. Ngazi ya 5 anajua sihiri 6 tu, na kila anapopanda ngazi anaruhusiwa kubadilisha moja. Anaweza kuzikunja: kuielekeza sihiri ya mtu mmoja kwa wawili, au kuitoa bila kutamka neno. Tamu sana kwa anayejua anachotaka. Mgeni asimguse. Watunzi wenyewe walikiri ubahili huo, maana katika kitabu cha wachezaji cha 2024 sosera wa ngazi ya 20 amepewa sihiri 22 badala ya 15.

Druidi, mchawi wa maumbile, ana uhuru wa kleriki na tawi la mti la kipande 1 cha dhahabu linamtosha kama kifaa cha uchawi. Tatizo ni muda. Kila umbo la mnyama analojigeuza linataka takwimu zake mkononi, na kwa sihiri moja ya daraja la 3 anaweza kuita mbwa mwitu wanane kwa mpigo. Wanane, kila mmoja arushiwe dadu yake, huku wenzako wakichungulia simu. Toleo la 2024 limelifanya kundi hilo kuwa kitu kimoja, na meza nyingi zimeshukuru.

Badi, mchawi wa muziki, ni rahisi kumwendesha: filimbi yake ni vipande 2, anajua sihiri 4 tangu mwanzo, na faida yake kubwa ni kuwaongezea wengine dadu. Humfaa mtu anayefurahia bao la mwenzake.

Kabla ya kuchagua, muulize msimamizi mambo mawili: dhahabu na vitabu vya wachawi vitapatikana kwa wingi, na mapumziko mafupi yatakuwa mangapi kwa siku? Dhahabu ikiwepo, wizadi analipa. Mapumziko yakiwepo, waloki. Akijibu kwamba mtaona mbele ya safari, chukua kleriki.