Mashine inayovuta maji na kuyatupa inje yenyewe: inaweza kukausha nyumba za Kalemie?

Mvua kubwa ikipiga Kalemie usiku, kazi ya asubuhi inajulikana: beseni, ndoo na bidoni. Kando ya Lukuga, kando ya mto Rugumba na karibu na ziwa, wakubwa na watoto wanachota maji ndani ya nyumba na kuyamwanga inje mpaka migongo inauma. Mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda sana, familia nyingi za Kalemie, Uvira na hata Bujumbura ziliacha nyumba zao.

Kuna mashine iliyovumbuliwa kwa kazi kama hiyo: aspirateri inayofyonza maji chini na kuyatupa inje yenyewe kwa mpira. Inafanya kazi namna gani? Na kwa nyumba ya Kalemie, inafaa wapi na haifai wapi?

Hesabu ya bidoni

Tuseme chumba kina metre 4 kwa 3, na maji yamefika sentimita 10 tu. Hayo ni litre 1.200, maana yake bidoni 60 za litre 20. Na kwa sababu litre moja ya maji ina uzito wa kilo moja, mtu anabeba zaidi ya tani moja, chumba kimoja tu.

Ilianza na vumbi

Aspirateri za kwanza hazikutaka maji hata kidogo. Mwaka 1901, Mwingereza Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine kubwa ya kufyonza vumbi. Ilivutwa na farasi, ikasimama inje ya nyumba, na mipira yake ikapitishwa madirishani. Mwaka 1908, Mmarekani James Murray Spangler, aliyekuwa mfagiaji, alipata hati ya uvumbuzi kwa aspirateri ndogo ya umeme. Familia ya Hoover ndiyo iliyoinunua hati hiyo na kuifanyia biashara.

Mashine ya vumbi ikivuta maji, yanaweza kufika kwenye moteri. Moteri inaungua, na mtu anaweza kupigwa na umeme. Kwa hiyo zikaja aspirateri za maji na vumbi. Hizo zina pipa chini na moteri juu. Moteri inazungusha feni, feni inatoa hewa ndani ya pipa, na hewa ya inje inasukuma maji yapande kwa mpira, sawa vile mtu anavyokunywa soda kwa mrija. Maji yanaanguka ndani ya pipa, hewa inaendelea na njia yake. Pipa likijaa, kitu kinachoelea kinapanda na kuziba njia, maji yasifike kwenye moteri.

Lakini hapo ndipo shida inaanza. Pipa la litre 40 likijaa ni kilo 40 za maji. Kwa kile chumba cha litre 1.200, lazima kusimamisha mashine na kumwanga pipa mara 30. Bidoni zimerudi kwa njia nyingine.

Pompi ndani ya pipa

Katika miaka ya 1990, kampuni ya Marekani Shop-Vac ilipata hati za uvumbuzi kwa aspirateri inayojimwanga yenyewe. Wazo ni rahisi: kuweka pompi ndani ya pipa. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, juu ya mambo mawili.

Kwanza, ndani ya pipa hewa imepungua. Ukifungua tundu la kutolea maji, hewa ya inje inaingia kwa nguvu kupitia hapo. Kwa hiyo pompi lazima ishinde mvuto huo, na njia ya kutokea iwe na kizuizi kinachofunguka upande mmoja tu.

Pili, pompi ya kuzunguka haishiki hewa. Mafundi wa motopompi wanalijua jambo hili: lazima kuinywesha maji kwanza, la sivyo inazunguka bure. Wavumbuzi walitumia moteri moja inayozungusha feni ya hewa na gurudumu la pompi pamoja, wakaongeza njia ya kuijaza pompi maji ili ianze kusukuma. Hapo fundi anaendelea kufyonza bila kusimama, na maji yanatoka inje kwa mpira.

Haiwezi kushindana na ziwa

Kabla ya kutoa pesa, swali la kwanza ni hili: maji yanatoka wapi? Maji ya mvua yaliyoingia kwa mlango yakitolewa, yameisha. Lakini kama ziwa au Lukuga imepanda kuliko sakafu, maji yanapita ndani ya udongo na kurudi. Lukuga ndiyo mlango mmoja tu wa maji kutoka ziwani, na hakuna mashine ya nyumbani inayoweza kushusha ziwa. Hapo dawa ni kuhama mapema.

Maji yakiwa mengi, motopompi ya esansi ni bora. Aspirateri inafaa mwishoni, kwa vidole viwili vitatu ambavyo motopompi haivifikii. Tope na majani lazima vichujwe, juu vinaziba pompi. Na nyumba ya matofali mabichi iliyolowa iangaliwe kuta zake kabla ya mtu kuingia kufanya kazi.

Mambo ya kuchunga

- Kata umeme wa nyumba kabla ya kukanyaga maji. Mashine yenyewe ipate umeme kutoka mahali pakavu.
- Grupu na motopompi ya esansi vikae inje, mbali na milango na madirisha. Moshi wake una hewa isiyo na harufu inayoua watu.
- Maji ya mafuriko yanachanganyika na ya vyoo, na kipindupindu kinajulikana Kalemie tangu zamani. Usielekeze mpira kwenye kisima wala kwenye kiwanja cha jirani. Watoto wasicheze humo.
- Maji yakiisha, osha sakafu kwa klorini, na maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe.

Kwa familia moja, bei ya mashine na ya umeme wake inaweza kuwa nzito. Kwa kituo cha afya au shule yenye grupu, mashine moja inaweza kurudisha vyumba kwenye kazi haraka zaidi kuliko ndoo. Lakini ndoo zisitupwe bado.