Lori la Kale la Uingereza Lilichorwa na Sheria

Waingereza wanaoyapenda malori yao ya zamani wamejipanga vizuri kuyatunza. Chama chao cha magari ya kihistoria ya biashara kilianzishwa mwaka 1958, msafara wao wa kutoka London hadi Brighton ulianza 1962, na mji wa Leyland, kule Lancashire, una makumbusho ya magari ya kazi tangu 1983. Ukisoma kumbukumbu za watu waliomiliki malori hayo au kuyaendesha, utakuta sifa zilezile zinarudiwa: injini ya Gardner isiyochoka, lori la Foden au ERF lililofanya kazi miaka nenda miaka rudi, dereva aliyeupanda mlima wa Shap usiku wa theluji akiwa na shehena nzima nyuma yake. Sifa hizo ni za haki. Lakini zinamtaja fundi na dereva, halafu zinamsahau mtu wa tatu ambaye neno lake lilikuwa na nguvu kuliko la wote wawili, yaani mwandishi wa sheria. Umbo la lori lile, idadi ya magurudumu yake, udogo wa nguvu ya injini yake, baridi iliyokuwa ndani ya kebini, hata sababu ya wenye kampuni kung'ang'ania magari yaliyochakaa, vyote hivyo vinaeleweka vizuri zaidi mtu akianza na vitabu vya sheria kabla ya kufungua boneti.

Tuanze na reli. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza malori mengi ya jeshi yaliuzwa kwa bei nafuu, na askari waliorudi nyumbani waliyanunua wakaingia kwenye biashara ya kubeba mizigo. Mtu mwenye lori moja aliweza kujiita kampuni. Reli zilikuwa zimebanwa na sheria zisijipangie bei zitakavyo wala zisikatae mzigo wa mtu, na sasa zikaona mizigo yenye faida inahamia barabarani huku zenyewe zikibakiwa na makaa ya mawe na mawe ya ujenzi. Sir Arthur Salter aliongoza kikao cha pande hizo mbili, na ripoti ya mwaka 1932 ndiyo iliyofungua njia kwa sheria ya usafirishaji ya 1933. Sheria hiyo iligawa leseni katika makundi matatu. Leseni A ilikuwa ya mtu anayebeba mizigo ya wengine kwa malipo. Leseni B ilimruhusu mfanyabiashara kubeba mali yake na ya wengine kwa masharti aliyopangiwa. Leseni C ilikuwa ya kubeba mali yako tu, na hiyo ilipatikana bila shida. Aliyetaka A au B ilimbidi athibitishe kwamba huduma yake inahitajika, na mbele ya afisa wa leseni aliweza kukuta mawakili wa reli na wasafirishaji waliomtangulia wamekuja kumpinga. Tangu hapo leseni ikawa mali. Kampuni ndogo ilipouzwa, mnunuzi aliulizia leseni kwanza, hali ya magari baadaye.

Hapa ndipo jambo la uzito linapoingia, na nitalikalia kidogo kwa sababu wapenzi wa malori hulipita haraka. Leseni haikutaja idadi ya magari peke yake. Ilihesabu pia uzito wa gari likiwa tupu. Msafirishaji aliyetaka kuuza lori lake la zamani na kununua jipya lililo zito zaidi alikuwa anaomba nyongeza ya uwezo, na nyongeza ilifungua tena mlango wa mapingamizi. Wengi waliona heri kulifumua lori lilelile, kulifunga injini nyingine, kulipaka rangi na kulirudisha barabarani. Tunaposifia uimara wa malori yale, basi, tukumbuke kwamba mara nyingine lori lilidumu kwa sababu kulibadilisha kulikuwa na usumbufu wa kisheria. Kodi nayo ilifuata uzito mtupu. Na katika miaka ya 1930 kulikuwa na mstari mmoja ulioamua mengi: lori lisilozidi tani 2 na nusu likiwa tupu liliruhusiwa kwenda maili 30 kwa saa, karibu kilomita 48, lakini lililozidi hapo lilifungiwa maili 20, yaani kilomita 32. Watengenezaji wakaanza kukata chuma. Bedford walipata soko kubwa kwa malori mepesi ya bei nafuu, ambayo wanunuzi waliyapakia kuliko yalivyokusudiwa. Kampuni ya Jensen ya West Bromwich, ambayo wengi wanaijua kwa magari ya kifahari, iliunda lori la aluminiamu ili mzigo uwe mkubwa huku gari lenyewe likibaki chini ya mstari ule. Barabara haikudai lori la aluminiamu. Lilidaiwa na jedwali la sheria.

Mwendo wa kilomita 32 kwa saa unaeleza mambo mengine ambayo kumbukumbu huyasimulia kama mila tu za kazi. Sheria ya barabara ya 1930 ilikuwa imeamuru kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa 5 na nusu mfululizo, wala zaidi ya saa 11 katika siku nzima, na apate saa 10 za kupumzika. Piga hesabu: kutoka London hadi Manchester ni kama kilomita 300, na kwa mwendo wa kisheria hiyo ni safari ya zaidi ya saa 9 kabla ya kuhesabu mapumziko, milima na foleni za mijini. Kwenda na kurudi siku moja hakukuwezekana. Ndiyo maana kampuni zilipanga safari za usiku ambamo madereva wawili, mmoja akitoka kusini na mwingine kaskazini, walikutana katikati ya nchi wakabadilishana magari, kila mmoja akageuka kulala kwake. Ndiyo maana pia nyumba za kulala madereva na migahawa ya kando ya barabara ilistawi kama ilivyostawi. Ramani ya migahawa ile ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, ramani ya saa za kuendesha.

Injini nayo ilifuata. Gardner ya silinda 6 aina ya 6LW, iliyotengenezwa Patricroft karibu na Manchester, ilikuwa na ujazo wa lita 8.4 na ilitoa nguvu za farasi 102 katika mizunguko 1,700 tu kwa dakika. Ifunge kwenye lori la magurudumu manane lenye uzito wa jumla wa tani 22, uliokuwa ukomo wa wakati huo, na utaona kwamba kila tani ilipata chini ya nguvu za farasi 5. Leo Uingereza inaruhusu tani 44, na lori la kuvuta uzito huo hupewa kwa kawaida zaidi ya maradufu ya nguvu hizo kwa tani. Je, Gardner walikuwa mafundi duni? Hata kidogo. Walitengeneza injini iliyonywa dizeli kidogo na kudumu kuliko karibu injini yoyote ya zama zake, na wanunuzi walizisubiri kwa foleni. Ninachosema ni kwamba walilijibu vizuri mno swali waliloulizwa. Katika nchi iliyokataza mwendo, mwenye lori hakuwa na sababu ya kununua nguvu. Alinunua lita za mafuta alizookoa.

Ushahidi mzito kuliko wote ni lori lenyewe la magurudumu manane, lile ambalo kila mpenzi wa malori ya Uingereza huliweka mbele: Leyland Octopus, AEC Mammoth Major, Foden, Atkinson. Lilizaliwa katika miaka ya 1930 kwa sababu kanuni za uzito zililipa gari moja lisilo na tela nafasi ya kubeba zaidi likiwa na ekseli nne. Aliyetaka kubeba zaidi ya hapo alifunga tela nyuma, lakini kwa masharti ya sheria alilazimika kumlipa mtu wa pili wa kuandamana nalo, utingo tunavyomwita huku. Mwaka 1955 ukomo wa lori hilo ukapandishwa hadi tani 24. Kisha mwaka 1964 kanuni mpya zikaruhusu lori la kichwa na tela la kuunganishwa kufika tani 32 bila utingo. Katika muda mfupi wa miaka michache magurudumu manane yakapoteza safari ndefu, yakabakia kwenye saruji, kokoto na matangi. Barabara zilikuwa zilezile, madereva walewale, viwanda vilevile. Kilichobadilika kilikuwa kanuni ya uzito, na umbo lililotawala kwa miaka 30 likaondoka nayo.

Serikali ilijaribu hata kuyamiliki malori yenyewe. Kwa sheria ya 1947 safari za masafa marefu zilitaifishwa kuanzia 1948 chini ya jina la British Road Services, na wasafirishaji binafsi waliobaki wakafungiwa eneo la maili 25 kutoka kituo chao mpaka sheria ya 1953 ilipoanza kuyarudisha malori sokoni.

Najua msomaji mwenye mapenzi na kazi hii atasema: sheria haikumfundisha mtu kufunga turubai. Ni kweli, na ustadi ule haufai kudharauliwa. Mzigo ulipangwa juu ya jukwaa wazi, turubai zito likavutwa juu yake, pembe zikakunjwa kwa namna ya bahasha ili upepo usiingie kutoka mbele, halafu kamba ikarushwa upande hadi upande. Kwenye kila ndoano dereva alipinda kitanzi katika kamba yenyewe, akaipitisha chini ya ndoano na kuirudisha ndani ya kitanzi, akavuta kwa uzito wa mwili wake wote, na kitanzi kile kikamwongezea nguvu kama kapi. Akifungua, fundo linaachia lenyewe. Akikosea, mzigo unaanguka njiani. Hakuna mbunge aliyebuni fundo hilo. Hata hivyo, tuulize kwa nini Waingereza walishikilia majukwaa wazi muda mrefu hivyo. Sababu moja ni urahisi wa kupakia kwa winchi kutoka juu. Nyingine ni ile tuliyokwisha kuiona: bodi la kufunika mzigo lingeongeza uzito mtupu, na uzito mtupu ulitozwa kodi na kuhesabiwa katika leseni. Turubai na kamba havikuhesabiwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba sheria zilivunjwa. Zilivunjwa kweli. Madereva walizidisha mwendo, na karatasi za saa za kazi zilijazwa kwa namna ya kumridhisha mkaguzi. Lakini mtu anaweza kuvunja sheria barabarani na bado akaendesha gari lililoundwa kwa kuifuata, kwa kuwa gia na injini zilishapangiwa mwendo wa polepole kiwandani. Tena kanuni zilipolegezwa, si kila mtu alifurahi. Mwendo wa malori mazito ulipopandishwa hadi maili 30 mwaka 1957, vyama vya wafanyakazi vilipinga, kwa sababu ratiba na malipo yao vilikuwa vimejengwa juu ya maili 20. Sheria ambayo watu huivunja kila usiku lakini huitetea wakati wa kupanga mishahara haikuwa sheria mfu.

La tatu, kwamba baridi ya kebini haikutokana na sheria, ndilo ninalokubali sehemu yake. Malori ya Kiswidi yalipoingia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, hasa Volvo F86 na F88, madereva waliyapenda kwa kebini zenye joto, viti vya kweli na kelele ndogo. Hakuna sheria iliyowakataza Waingereza kuweka hita. Hapo watengenezaji walizembea, na wenye kampuni waliwaachia wazembee kwa kuwa hawakuwa wao waliokaa ndani ya baridi. Lakini angalia wakati wenyewe. Barabara kuu ya M1 ilikuwa imefunguliwa 1959. Sheria ya usafirishaji ya 1968, kazi ya waziri Barbara Castle, ikafuta leseni za A, B na C, na badala ya kumuuliza mwombaji kama huduma yake inahitajika ikamuuliza kama magari yake ni salama na yeye ni mtu wa kuaminika. Kwa pigo moja thamani ya leseni ya zamani ikayeyuka, na sababu ya kulea lori kuukuu ikaisha. Kiwanda cha AEC cha Southall kilifungwa 1979, Scammell ya Watford 1988, na Foden ya mwisho ikatoka kiwandani 2006.

Mambo haya hayakuishia Uingereza. Sheria ya leseni za usafirishaji ya Kenya ilifuata mkondo uleule wa makundi ya A, B na C, na bodi yake, TLB, ilijulikana kwa kila mwenye lori na matatu mpaka mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, ilipoundwa kwa sheria ya 2012. Familia nyingi za wasafirishaji wa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zilianza na Bedford, Leyland au Albion, na baadhi bado zina kabati lenye leseni, stakabadhi za mizigo na barua za kukataliwa maombi. Magari yenyewe yameshauzwa kama chuma chakavu. Walio na karatasi hizo wasizichome wanapohama ofisi. Wazipeleke kwenye nyaraka za taifa au maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nao.