Gorila na Wafuata Nyayo

Karibu na Bendera, kaskazini ya Kalemie, iko milima ya Kabobo yenye msitu mnene. Humo wamo sokwe na mbega, lakini gorila hayumo. Mtu akitaka kumwona gorila, sharti aendelee kaskazini, apite Fizi, afike milima ya Itombwe, au mbele zaidi, mlima Kahuzi karibu na Bukavu.

Watu wengine humchanganya gorila na sokwe. Sokwe ni mdogo, ana masikio makubwa, na ni hodari wa kupanda miti. Gorila ana masikio madogo na hukaa chini muda mwingi. Katika jamaa zake wote, tumbili, nyani na sokwe, hakuna aliye mkubwa kama yeye. Hata hivyo hawindi wanyama. Hula majani, mashina, matunda na machipukizi ya mianzi.

Gorila wako wa aina mbili. Wa magharibi hukaa Kameruni, Gaboni na nchi za jirani. Nywele zao ni fupi, na utosini mara nyingi zina wekundu. Wa mashariki ni weusi zaidi, nao wamegawanyika mara mbili.

Kwanza ni gorila wa milimani. Huyu hukaa kwenye milima ya volkeno ya Virunga, mahali Kongo, Rwanda na Uganda zinapokutana, na katika msitu wa Bwindi, Uganda. Nywele zake ni ndefu, kwa sababu huko juu baridi ni kali. Mwaka 1902 Mjerumani Robert von Beringe aliwapiga wawili risasi juu ya mlima Sabinyo. Ndipo wataalamu wa Ulaya wakapata habari zake. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha 1,063 tu.

Pili ni gorila wa Grauer, ambaye hupatikana Kongo peke yake. Ameitwa hivyo kwa jina la Rudolf Grauer, mtu wa Austria aliyekusanya wanyama katika milima ya magharibi ya ziwa Tanganyika. Huyu ndiye mkubwa kuliko wote. Dume huweza kufikia kilo 200, uzito wa watu watatu.

Je, gorila hutafutwaje? Asubuhi wafuata nyayo huenda mahali walipowaacha jana. Huko hukuta vitanda vya majani, kwani kila jioni kila gorila hujitengenezea kitanda kipya, ila mtoto mchanga hulala na mama yake. Wakihesabu vitanda, wanajua idadi ya kundi. Kisha hutazama kinyesi: kikiwa na joto, wanyama hawako mbali. Hutazama pia mashina yaliyotafunwa, na katika udongo laini alama za vifundo vya vidole, maana gorila hutembea akiegemea vifundo hivyo. Wakikaribia, hukohoa taratibu ili wanyama wajue nani anakuja. Dume akiwajia kwa kishindo na kujipiga kifua, hawakimbii. Huchutama na kuinamisha macho.

Kahuzi-Biega ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Mbelgiji Adrien Deschryver, pamoja na Batwa waliojua kufuata nyayo, aliwaendea gorila siku kwa siku, mpaka wakaacha kukimbia. Wageni wakaja kutoka mbali kuwatazama.

Lakini gorila asiyemwogopa mtu hamkimbii hata mwenye bunduki. Mwaka 1996 vita vilianza. Katika sehemu ya juu ya hifadhi hiyo gorila walikuwa kama 250. Mwaka 2000 walibaki nusu hivi. Wengi waliouawa ni wale waliozoea watu.

Hatari nyingine ni ugonjwa. Mafua ya mtu huweza kumwua gorila. Kwa hiyo mgonjwa haruhusiwi kwenda. Wazima hufunika pua na mdomo, husimama mbali hatua kadhaa, na baada ya saa moja huondoka.

Alama za njiani humwongoza mwindaji sawasawa na mlinzi. Gorila hawezi kuwatambua. Amekwisha kumwamini mtu, na uzima wake umo mikononi mwa mtu.

Maswali
1. Gorila na sokwe wanatofautianaje?
2. Mfuata nyayo ajuaje kwamba gorila wako karibu?
3. Kwa nini waliozoea watu waliuawa wengi?