Nyumba Ikue kwa Mpango

Ndugu zetu na mama zetu, jamaa zetu wengi waliohamia Nairobi wanaishi mitaa ya Eastlands, na si wachache ambao familia nzima hulala chumba kimoja. Dini yetu imetuagiza kutenganisha malazi ya watoto wafikapo miaka 10, na katika Suratun Nur watoto wametakiwa kuomba idhini nyakati tatu za faragha. Adabu hizi zahitaji ukuta na mlango. Mwenye kipato kidogo ataupataje?

Jawabu moja limo Dandora. Kuanzia miaka ya 1970, Baraza la Jiji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lilitayarisha viwanja takriban 6,000. Mwenye kiwanja alikabidhiwa choo, bafu, maji na njia ya majitaka. Vyumba alivijenga mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kadiri ya riziki yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Baadaye, viwanja vingi vilijazwa vyumba vya kupangisha, kisha ghorofa juu ya ghorofa. Ua ukatoweka, madirisha yakatazamana na kuta. Chumba kisichoingia jua wala upepo hushika unyevu na moshi wa jiko la makaa, na kifua kikuu huenea humo kwa wepesi. Aumiaye zaidi ni mama apikaye na mtoto aliye mgongoni mwake.

Wazee wetu wa Lamu waliliona hili. Nyumba zao za mawe zilikuwa na kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicholeta mwanga na hewa huku faragha ya wanawake ikihifadhiwa.

Kwa hiyo twamnasihi ajengaye leo aichore nyumba yote kwanza, hata akiwa na fedha za chumba kimoja tu. Aache ua, kila chumba kipate dirisha la nje, na msingi uweze kubeba nyongeza. Kwa kuta, yapo matofali ya udongo mwekundu uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, basi kuni husalimika na moshi hupungua. Ule udongo mweusi wa Eastlands haufai: huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na hata msingi juu yake wataka fundi mjuzi.

Kodi ya chumba kimoja cha ziada isitupokonye ua wa watoto wetu. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu na rehema. Amin.