SELIMUNDU: TUMERITHI, HATUKUROGWA



Wodini huletwa mtoto mwenye macho ya manjano, vidole vimevimba, analia mifupa inamuuma. Bibi husema, "Upande wetu haupo, umetoka kwa mama yake." Wengine hutafuta mchawi. Nyumba huvunjika kwa jambo lisilo na kosa la mtu.

Selimundu ni nini? Mwilini tuna maagizo tunayorithi, yaitwayo jeni. Kila agizo tunalo mara mbili: moja la baba na moja la mama. Agizo mojawapo ni la kutengeneza hemoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu. Katika selimundu agizo hilo lina hitilafu ndogo, kama herufi moja iliyokosewa katika kitabu kikubwa. Basi chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kukwama katika mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu hutokea. Chembe ya kawaida huishi siku zipatazo 120, lakini hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu damu hupungua.

Mwenye agizo moja zuri na moja lenye hitilafu si mgonjwa, ni mbebaji. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mbebaji hukingwa na malaria kali. Kwa hiyo hitilafu hii imeenea palipo na malaria. Lakini mgonjwa mwenyewe malaria humdhuru sana. Alale ndani ya chandarua.

Wabebaji wawili wakizaa, kwa kila mimba nafasi ni hizi: 1 kati ya 4 mtoto awe mgonjwa, 2 kati ya 4 awe mbebaji, na 1 kati ya 4 asirithi kabisa. Kila mimba huanza hesabu upya. Mtoto wa kwanza akiugua, haina maana watatu wanaofuata wamesalimika. Na mtoto huyo amerithi kwa wazazi wote wawili, si kwa mama peke yake.

Mzazi afanye nini?

1. Mtoto apimwe damu mapema, hata akiwa mchanga.
2. Apate chanjo zote, na penisilini kila siku mpaka atimize miaka 5.
3. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi.
4. Muulize daktari juu ya haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu.
5. Akipata homa, akipauka ghafla, akivimba bandama (tumbo upande wa kushoto), akihema kwa shida au akilegea upande mmoja wa mwili, mfikishe hospitali mara moja. Msingoje kesho.

Vijana mnaojiandaa kwa ndoa, pimeni. Si kwa ajili ya kukataana, bali mjue mapema.

Na wewe bibi, mkwe wako hakuleta ugonjwa nyumbani. Msaidie kubeba mtoto.