Cheti cha Dawa na Lugha ya Mgonjwa

Mwandiko wa daktari umekuwa mzaha wa tangu na tangu, lakini mzaha huo huweza kuua. QD, ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana ya 'kila siku', ukiandikwa kwa pupa hushabihi QID, yaani mara nne kwa siku. U ya 'yuniti' ikifuata tarakimu ya insulini husomwa sifuri, mgonjwa akadungwa kipimo mara kumi. Ndiyo sababu mwaka 2004 Joint Commission, shirika linaloidhinisha hospitali za Marekani, lilivitia QD na U katika orodha ya vifupisho visivyofaa kutumiwa.

Jimbo la New York lilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2012 iliwataka madaktari waache karatasi na kupeleka vyeti vya dawa kwa njia ya elektroniki, moja kwa moja hadi kwenye tarakilishi ya duka la dawa. Utekelezaji uliahirishwa mwaka mzima, ukaanza tarehe 27 Machi 2016. Shabaha kuu haikuwa mwandiko: dawa za maumivu za jamii ya afyuni zilikuwa zikiangamiza watu, na karatasi huibwa, hughushiwa, huuzwa. Mitambo ikikwama, daktari huruhusiwa kuirudia karatasi. Hayo ni ya busara, na siyapingi.

Linalonikera ni la lugha. Katika ujumbe huo jina la dawa huchaguliwa kutoka orodha iliyosanifiwa, ilhali maelekezo ya matumizi aghalabu huandikwa kwa maneno huru. Vifupisho vilivyofukuzwa mlangoni vyaweza kuingia dirishani. Fauka ya hayo, sheria imeyasanifu mawasiliano ya wataalamu wawili. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye maradhi, ameachiwa lebo ya chupa. Zamani angalau alikishika cheti mkononi, akamwonyesha jirani aliyesoma.

Na lebo hiyo yaweza kumponza. Watafiti waliochunguza maduka ya dawa ya Bronx, sehemu ya jiji la New York yenye wasemaji wengi wa Kihispania, walichapisha matokeo yao mwaka 2010. Kati ya lebo 76 za Kihispania zilizotolewa na programu za tarakilishi, nusu zilikuwa na kasoro. Neno la Kiingereza 'once', yaani mara moja, likiachwa bila kufasiriwa, msemaji wa Kihispania huliona neno la lugha yake mwenyewe: kumi na moja! Kuanzia mwaka 2013 New York iliyalazimisha maduka makubwa ya dawa yenye matawi mengi kutafsiri maelekezo kwa lugha kama Kichina, Kihispania, Kiitaliano na Kirusi. California ilikuwa imetangulia: tangu 2011 kanuni zake zina sentensi sanifu zinazotaja asubuhi, adhuhuri na jioni, badala ya kumwachia mgonjwa hesabu.

Nasi je? Kenya ilitunga Sheria ya Afya ya Dijitali mwaka 2023, na Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Siku mitambo itakapotoa lebo za Kiswahili, sentensi zake zitakuwa zimetungwa na nani? Chukua 'kidonge kimoja kila saa nane'. Aliyeunda programu atakusudia muda wa saa nane baina ya kidonge na kidonge. Ajuza wa Lamu ataelewa saa nane mchana, basi, naye atameza theluthi ya dawa aliyoandikiwa. 'Kila baada ya saa nane' haimwokoi, kwani baada ya saa nane huja saa tisa. Hata 'kutwa mara tatu', usemi tuliouzoea kwenye bahasha za vidonge, una utata wake: kutwa hukoma magharibi, na zipo dawa zinazotaka kumezwa usiku pia.

Mwanafunzi wa isimu anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Atunge sentensi ishirini za namna hii, aende nazo kwenye foleni ya zahanati, na baada ya kumsomea kila mgonjwa amwombe avipange vidonge mezani: hiki nitakimeza lini, na hiki lini. Aifanye kazi hiyo kabla kanuni hazijachapishwa.